Wazee Waonje Kwanza

Hapana, siyo mdudu wa kuuma. Nani kakudanganya hivyo? Angekuwa wa kuuma ungemwona, ungemponda kwa ndala, mambo yakaisha. Huyu haonekani, mpaka wajikusanye maelfu kwa maelfu, wakumbatiane, ndipo unaona punje ndogo nyekundu mfano wa ulezi. Na wala Sekela hakumwogopa. Angemwogopaje, wakati yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kila asubuhi kwa ndoo, kama watu wanavyolisha kuku?

Alichokiogopa Sekela ni rangi.

Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bwawa la Isyabula, ameshika mti wa kukorogea. Akainua macho akatazama ng'ambo, kwenye mteremko wa baba mkwe wake. Migomba ilikuwa njano. Siyo njano ile unayoijua wewe ya kiangazi, jani la chini linakauka, la juu linachipua. Hii ilianzia juu zizini ikateremka kama uji uliomwagika, na ilikuwa na ukingo. Juzi ukingo ulifika kwenye mparachichi. Leo mparachichi ulikuwa ndani. Mahindi njano. Majani ya ng'ombe njano. Hata magugu, ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuyaona yakishindwa na kitu, yalikuwa yamelala njano. Kijani kilichobaki ni maharage tu. Yamekaa katikati ya msiba ule kama hayajaletewa habari.

Sekela alikuwa anajua ni nini. Alikuwa anajua kuliko alivyotaka kujua.

Sasa ngoja nikueleze bwawa lenyewe, maana bila bwawa hutaelewa hofu. Zamani Isyabula walikunywa maji ya mto kama watu wote. Mto ukaja ukachoka. Mvua zikawa zinakuja kwa kupigiwa king'ora, zinanyesha kwa hasira saa moja, halafu basi mpaka watu wamesahau. Kwa hiyo mji ukawa unakunywa maji yake wenyewe. Ndiyo, yaleyale. Usikunje pua. Ulichokojoa Jumatatu, Alhamisi umekichemshia chai, na chai ni nzuri tu.

Lakini mkojo una ukali. Ule unaokuchoma pua ukiingia choo cha shule. Wasomi wanauita naitrojeni. Ukibaki kwenye maji, baadaye hata harufu hauna. Mtu mzima anakunywa, anacheua, anaenda zake. Anayekoma ni mtoto mchanga wa chupa. Damu yake inashindwa kubeba pumzi. Midomo inakuwa buluu, kucha buluu, mtoto analala tu, halii. Ndiyo maana zahanati ya Isyabula ilikuwa inawavisha watoto wachanga shanga moja mguuni. Shanga nyeupe, damu ni salama. Ikigeuka buluu, mama anakimbia. Kina mama wa mji ule walikuwa na mazoea ya kuangalia miguu ya watoto kabla ya kuangalia uso, hata wa jirani. Walikuwa wamezika sana.

Ndipo ikaletwa chachu nyekundu, ndiye huyo mdudu wetu. Hii haikuumbwa, ilitengenezwa na watu, kule kwenye vyumba vyao vya vioo. Inaula ule ukali wote na kuutoa kuwa hewa ya kawaida tu, hii hii unayoivuta wewe hapa. Ukisimama ukutani unaona mapovu yanapanda, maji yanatabasamu. Na ili isitoroke, walioitengeneza waliifunga kamba: haiishi bila molasi, na molasi inamwagiwa bwawani kila asubuhi. Nje ya bwawa, walisema, inakufa kabla jua halijazama.

Walisema.

Maana, nikuulize, mbolea ni nini? Kwa nini unamwaga samadi kwenye mgomba? Ni ukali uleule. Mgomba nao unautaka. Sasa chukua mlaji asiyeshiba, mtie kwenye udongo, uone mgomba utakula nini.

*

Na jinsi ilivyotoka bwawani, Sekela aliona kwa macho yake.

Yeye alikuwa ameolewa nyumba ya Mwakalobo, na kwa Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hamwamkii. Hatamki jina lake, wala hakai mahali alipo. Wakikutana njiani kila mtu anaacha njia. Wenyewe wanaita kutila. Mjini wengi walikuwa wameshaacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanagombania rimoti. Nyumba ya Mwakalobo haikuacha.

Usidhani walikuwa wanachukiana. Mzee Mwakalobo akikaribia mahali alipo mkamwana wake, anakohoa kwa nguvu, kikohozi kirefu kama trekta inayowashwa, ili binti apate nafasi ya kujificha. Sekela naye anakohoa kidogo, maana yake nimesikia. Mzee akipata maparachichi mazuri anayaacha juu ya jiwe la mlangoni na kuondoka. Kesho yake kwenye jiwe anakuta ugoro umefungwa vizuri kwenye jani. Miaka yote hiyo hawajawahi kusemeshana neno, na katika ukoo mzima hakuna waliokuwa wakielewana kama wao. Mumewe, Ambokile, alikuwa akisema, "Ninyi mnazungumza kwa jiwe. Mimi nazungumza kwa mdomo na baba hanisikii."

Basi kuna siku Sekela alikuwa peke yake bwawani, akasikia kikohozi getini. Akarukia nyuma ya mapipa ya molasi, akavuta khanga mpaka usoni. Katikati ya mapipa mawili akaona gambuti za mzee zinapita. Akaona ndoo. Akaona ndoo inazama bwawani, inatoka imejaa wekundu.

Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Usichukue, baba. Neno dogo tu. Akalimeza. Mzee akakohoa tena, akasimama kidogo, kama anangoja. Halafu gambuti zikaondoka.

Jioni akamwambia mumewe, na Ambokile akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba? Na ndoo? Itakufa kabla hajavuka mfereji. Mwache mzee na mambo yake."

Sasa tazama mteremko.

*

Injinia Sikazwe, mama mmoja wa Sumbawanga, mkubwa wa bwawa lile, alimwita Sekela kwenye chumba cha kupimia. Mama mpole, ana kawaida ya kumpa mtu chai kabla ya habari mbaya. Siku hiyo hakutoa chai.

Mezani palikuwa na bilauri yenye udongo na maji. Udongo wa kwa Mwakalobo. Ulikuwa unatoa mapovu.

"Kaa, mwanangu."

"Nimezoea kusimama, mama."

"Iko hai," Sikazwe akasema. "Haijaonja molasi, na iko hai. Niliona maharage yale ya kijani nikajua kabla sijapima. Maharage yanajitafutia chakula chake hewani, hayaombi udongo. Kingine chochote kinaomba."

Nje king'ora kikalia, mlio mmoja mrefu. Wote wawili wakatazama dirishani. King'ora cha kwanza ni kuambiwa mvua imeondoka milimani. Cha pili ni kuambiwa imefika.

"Ikinyesha juu ya ule mteremko," Sekela akasema polepole, "inateremka mtoni."

"Na mto unaingia bonde la mpunga. Na bonde lile linalisha nani?"

Lilikuwa linalisha watu wote aliowajua Sekela na wengi ambao hakuwajua. Alijiona amesimama juu ya ukuta, anatazama bonde zima, mpaka macho yanapoishia, njano.

Sikazwe akaonyesha friji iliyo pembeni. Ndani yake mlikuwa na kichupa. Ndani ya kichupa mlikuwa na kirusi, nacho kilitengenezwa na watu, kazi yake kuila chachu. "Makao makuu wamepiga simu. Wanataka nikimwage mteremkoni leo, kabla ya mvua."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hakichagui, Sekela. Kitaimaliza ya shambani. Mvua itakishusha kwenye mfereji, na mfereji unamwaga wapi?"

"Bwawani."

"Bwawani. Keshokutwa hatuna chachu. Kuotesha nyingine ni mwaka, tukiwa na bahati."

"Na watoto?"

"Wanasema italetwa mgao wa maji ya chupa."

Sekela alimwona akilini Lugano, mwanawe mchanga, aliyekuwa mgongoni kwa mama mkwe wakati ule, kishanga kinaning'inia kwenye kifundo cha mguu. Yeye Sekela maziwa yalimkatalia tangu mwanzo. Mtoto ni wa chupa. Na mgao wa Isyabula aliujua. Unaanza kwa wenye magari.

"Hakuna kingine?"

"Kipo. Nina chokaa ya moto ghalani, inatosha mteremko ule wote. Tukiitandaza, mvua ikiipiga, inachemka. Inaunguza kila chenye uhai kwenye udongo. Bwawa linapona, bonde linapona." Akasogeza bilauri pembeni. "Shamba la mkwe wako halitaota kitu mpaka huyo mwanao aende shule. Labda na zaidi."

"Mimi ndiye nimwambie?"

"Mumeo kashamwambia. Mzee amekubali, wala hakubisha, na hilo ndilo linanitisha. Anasema alimwaga zizini na kisimani tu. Lakini zizini hakuna sukari, kisimani hakuna sukari. Pale ingekufa, kama tulivyosema. Kuna mahali pengine, mahali penye utamu, ndipo ilipojifunza kuishi. Amepaficha. Na kama pako chini ya mfereji, chokaa yetu yote ni kazi bure, chachu itapita hapo inaingia mtoni." Akavua miwani. "Nijue kila mahali, ndipo niiache friji imefungwa. Nisipojua, king'ora cha pili kikilia, nafungua. Sitacheza na bonde zima."

"Kama amemficha mwanawe, mimi ataniambia nini? Mimi ambaye hata..."

"Najua," Sikazwe akasema. "Kwetu pia tuna mambo hayo."

*

Alipanda mteremko mbio. Majani ya njano yalikuwa yanavunjika chini ya miguu kama chapati zilizolala. Juu ya mlima wingu limekaa, jeusi, tumbo limeshuka.

Mzee Mwakalobo alikuwa nyuma ya nyumba ananoa panga. Hakuwa na kazi ya panga, ananoa tu. Kuona khanga inakuja, akakohoa. Khanga haikusimama. Akakohoa tena, trekta nzima. Khanga ikazidi kuja. Mzee akavuta koti lake akajifunika kichwa, akaacha njia, akaingia migombani.

Sekela naye akaacha njia. Upande uleule.

Mzee kusikia nyayo nyuma yake akaongeza mwendo. Sekela akaongeza. Basi ikawa ni mzee wa gambuti, koti kichwani, haoni mbele, anajigonga kwenye migomba. Na mkamwana wake nyuma, khanga inamvuka, analia na kucheka kwa pamoja kama mtu aliyerukwa na akili. Mama mkwe alikuwa uani na mtoto mgongoni. Alipoona hivyo sufuria ikamponyoka.

"Wewe Sekela! Umepagawa? Unamfukuza mkweo?"

"Nimepagawa, mama, ndiyo."

"Na wewe mzee, kimbia basi, atakukamata."

Mzee alikimbia. Lakini Sekela akaona kitu: hakukimbilia nyumbani, wala kanisani, wala kwa rafiki zake. Aliteremka. Akavuka zizi, akavuka kisima, akafika kwenye mfereji akauruka kama kijana, akaingia kwenye kichaka cha migomba minene iliyo kando ya mto, mahali ambapo watoto walikuwa wakikatazwa kucheza. Hapo akasimama, amegeuka, mikono ameitandaza, koti bado kichwani. Kama kuku aliyeona mwewe.

Migomba ya pembeni ilikuwa kijani, inaficha. Ya katikati, nyuma ya mgongo wa mzee, ilikuwa njano kama mafuta ya mawese yaliyoganda. Chini yake palikuwa na kaburi.

Mto uko pale, hatua chache, unangoja maji.

"Baba," Sekela akasema. Mzee akatikisa koti, hapana, hapana, nenda.

"Mwakalobo."

Alilitamka kwa nguvu. Likatoka zima, na baada ya kutoka likabaki limening'inia hewani kati yao. Hata kule uani mama mkwe alilisikia, akakaa chini.

Mzee akashusha koti polepole. Ndiyo mara ya kwanza Sekela kumwona uso baba mkwe wake. Alikuwa na masikio ya Lugano. Yaleyale, yamesimama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Sekela alikuwa amelala na masikio yale kifuani miezi yote hii bila kujua yametoka wapi.

"Umeniita jina," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kikohozi chake.

"Nimekuita."

"Basi hatuna tena cha kufichana." Akakaa kwenye ukingo wa kaburi. "Huyu ni mama yangu. Kwetu, kitu kipya kikiingia nyumbani, wazee waonje kwanza. Redio ilipokuja tuliileta hapa ikaimba kidogo. Hata simu ya Ambokile ya kwanza, nilimletea mama aisikie. Chachu yenu nilimletea kikombe kimoja."

"Na pombe? Unamwagia hapa?"

"Pombe kila jioni. Mama alikuwa mpishi wa pombe. Nitamnyima?"

Sekela akafumba macho. Pombe ya ndizi mbivu, tamu, inamwagwa pale tangu kabla yeye hajazaliwa. Utamu ndio huo, na kila jioni gambuti zake zikairudisha chachu juu mpaka zizini. Walioitengeneza chachu kwenye vyumba vya vioo walifikiria mambo yote, ila hawakumfikiria mtu anayemnywesha mama yake marehemu.

"Kwa nini uliichukua, baba?"

"Kisima." Mzee akatazama mikono yake. "Ukiwa kazini mtoto anashinda hapa, maziwa yake yanakorogwa kwa maji ya kisima changu. Zizi limekaa juu ya kisima. Nikawaza, ile samadi inashuka wapi? Nikawa nalala naiona shanga inageuka. Wewe ndiye mwenye kujua mambo hayo. Ningekuuliza. Ningekuuliza kwa mdomo gani?"

"Nilikuona siku ile," Sekela akasema. "Nilikuwa nyuma ya mapipa."

"Najua. Nilikohoa. Nilisimama nikangoja, nikasema kama kuna ubaya atakohoa. Ukanyamaza. Nikajua umeniruhusu."

Yule binti alikosa pa kushika. Alikuwa amejiambia siku zote zile kwamba kunyamaza kwake hakukumfikia mtu. Kumbe kulikuwa kumefika, kumepokelewa, na kumebebwa nyumbani na ndoo.

Upepo ukapita migombani. Ulikuwa baridi, una harufu ya maji.

"Wataleta chokaa ya moto," akasema. Ilibidi aseme yote, na haraka. "Hapa pia. Hapa kuliko kwingine kote."

"Itamfikia mama?"

"Itamfikia."

Mzee akaushika udongo wa kaburi kwa mikono miwili. Siyo hasira ile. Ni woga mtupu, kama wa mtoto anayepelekwa sindano. "Hata mgomba wa kumfunika hatakuwa nao. Atakaa juani. Na sisi tutakula nini? Mimi nitakuwa mzee wa kuombaomba ndizi?"

"Ukikataa, sitakulazimisha. Nitateremka nimwambie Injinia afungue friji. Shamba litabaki, mama atabaki na migomba yake."

"Na bwawa?"

"Litakufa."

"Mgao unawafikia watoto wote?"

Sekela angeweza kusema labda. Angeweza kusema Mungu atasaidia. Alitaka sana kusema hivyo, maana mbele yake palikuwa na mtu aliyekuwa akimwachia maparachichi juu ya jiwe.

"Hauwafikii," akasema.

King'ora kikalia. Mlio wa pili.

Sekela akavuta simu, akapiga. Ikaita. Ikaita. Sikazwe alipopokea, nyuma ya sauti yake palisikika kile kilio chembamba cha friji ambayo mlango wake umeachwa wazi.

"Ngoja, mama," Sekela akasema. "Ngoja, ngoja, nimepaona, niko hapo." Akamtazama mzee. Hakuweza kumwambia Sikazwe neno la mwisho, maana halikuwa lake.

Mzee Mwakalobo akainuka, akajipangusa. Akaegemeza kinywa chake kwenye ile simu, karibu sana, kama wazee wanavyofanya.

"Funga friji yako, mama," akasema. "Lakini hapa kwa mama yangu, naanza mimi."

*

Sasa hapo usiniulize nani alibeba nini, maana watu walichanganyikana. Ambokile na wenzake walipandisha gari la chokaa mpaka zizini. Kina mama wakachuma maharage, yote, machanga na makavu, kwa maana kesho hayatakuwepo. Wakakata mkungu wa mwisho uliokomaa kabla ya njano. Ng'ombe wakahamishiwa kwa jirani wakilalamika njia nzima. Watu walijifunga vitambaa puani, macho mekundu, wakatandaza ule weupe kwa sepeto na kwa majembe, na hakuna aliyepiga soga. Ukisikia watu wa Isyabula wamefanya kazi bila kutaniana, ujue wameogopa.

Kaburini aliingia mzee peke yake na jembe. Alitandaza taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Alisema naye kitu, hatukijui.

Tone la kwanza liliwakuta wanarudi barazani. Halafu yote ikashuka kwa pamoja.

Mteremko ukalia. Sijui nikuambieje. Ulilia kama sufuria kubwa ya mafuta iliyodondoshewa maji, kutoka zizini mpaka mtoni, na mvuke ukapanda mweupe mpaka nyumba ya jirani ikapotea. Joto lilifika barazani. Mtoto akaanza kulia, mama mkwe akamfunika. Ndani ya ule mvuke migomba ilikuwa inaanguka, mmoja mmoja, huoni, unasikia tu kishindo. Kila kishindo mzee alikuwa anakitambua. "Huo ni wa kisimani," alisema.

Mvuke ulipopungua wakamwona Injinia Sikazwe kwenye mfereji, amelowa chapachapa, anachota maji kwenye bilauri, anainua juu. Sekela alimtazama mkono tu. Kama wekundu unapita, utapita hapo. Bilauri ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ya pili nyeupe. Akakimbilia mtoni, chini ya kaburi, akachota huko. Akasimama muda mrefu ameishika juu, mvua inampiga usoni.

Akarudi.

"Nyeupe," akasema. "Leo ni nyeupe. Tutajua vizuri migomba ya ng'ambo ya mto ikikaa kijani mwezi mzima. Siwezi kuwadanganya, ndugu zangu. Mimi bado naogopa."

"Sote," Ambokile akasema.

*

Mama mkwe alikuwa amepika. Watu walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na harufu ya ndizi zilizochanganywa na maharage mabichi ilikuwa imejaa nyumba. Sinia limewekwa katikati ya mkeka. Maji ya kunawa yamewekwa. Na hakuna aliyekaa.

Ilikuwa hivi: Sekela alikuwa ndani, amesimama karibu na mlango wa jikoni, na mzee alikuwa barazani. Mmoja akiingia, mwingine lazima atoke. Lakini jina lilikuwa limeshatamkwa, mji mzima umeshasikia, na watu hawakujua sheria gani imebaki. Sikazwe akajifanya anakamua sketi. Ambokile akatazama dari kama anahesabu mabati.

Mzee akaingia. Hakukohoa.

Sekela kwa mazoea akavuta khanga, akageukia ukuta. Akasikia gambuti zinakuja mpaka nyuma yake, zikasimama.

"Mkwe akifunuliwa uso anapewa kitu," mzee akasema. "Ilipaswa iwe ng'ombe. Ng'ombe sina hata jani la kumlisha. Chukua hili."

Sekela akageuka. Lilikuwa lile jembe, bado lina chokaa kwenye makali, mpini umepashwa moto na mikono. Akapiga goti, akalipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, tata," akasema. Ahsante, baba.

"Haya. Na ule ugoro usiache. Sitaki kusikia kwamba sasa tunaongea, ugoro umekatika."

Mama mkwe akacheka kwanza, halafu akalia, halafu akamkabidhi Sekela mtoto apate kujifuta. Sekela akaangalia mguu kabla ya uso. Nyeupe. Akaisugua kwa kidole gumba kuhakikisha siyo vumbi la chokaa. Nyeupe.

Mzee akanawa. Akainama kwenye sinia, akamega kipande cha ndizi na maharage machache juu yake, akasimama nacho, akaelekea mlangoni, njia ya kaburini. Ni mazoea ya maisha yote. Miguu ilikwenda yenyewe. Akafika kizingitini. Nje mvuke ulikuwa bado unapanda kule chini, na hapakuwa na mgomba hata mmoja wa kumwonyesha njia.

Mvua juu ya bati, basi.

Sekela alitaka kumwambia kitu. Safari hii alikuwa na ruhusa, ila hakuwa na neno. Basi akakohoa, kidogo tu, kama alivyozoea.

Mzee akasikia. Akarudi, akamwekea kile kipande mbele yake Sekela, upande wake wa sinia.

"Leo wazee watatungoja," akasema.

Akakaa. Sekela akakaa ng'ambo yake, mtoto pajani, khanga imeteleza begani. Injinia akakaa, Ambokile akakaa, mama mkwe akawa wa mwisho, anasogeza watu kwa kiwiko apate nafasi, na wote wakanyoosha mikono.